Dai la Sehemu Moja katika Kumi: Ubongo, Mizani na Historia Yetu

Liko dai moja ambalo limezagaa mno katika hotuba za mahafali, katika vitabu vya kujiendeleza na hata madarasani: ati mwanadamu hutumia sehemu moja tu katika kumi ya ubongo wake, na zile tisa zilizobaki zimelala zikingoja kuamshwa. Walimu hulitamka kwa nia njema. Mwanafunzi aliyekata tamaa huambiwa kwamba kichwani mwake imo hazina ambayo hajaigusa, naye akapata moyo kidogo. Dai lenyewe, hata hivyo, si la kweli.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza lilikotoka na kwa nini wataalamu wa ubongo wamelikataa. Liko pia jambo la tatu ambalo aghalabu halisemwi. Hapa Afrika ya Mashariki dai la ubongo usiotumika lilikuwa na ndugu yake mwenye sura mbaya zaidi, aliyetumiwa kutetea hoja kwamba watu wetu hawakustahili elimu wala kujitawala. Mwalimu wa Gisenyi, wa Nairobi au wa Tanga hana budi kuwajua ndugu hao wawili kabla ya kumkaribisha mmoja wao darasani.

Chimbuko la dai

Anayetajwa sana ni William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 1907 James alichapisha insha kuhusu nguvu za binadamu, akasema kwamba watu wengi huishi wakitumia sehemu ndogo tu ya uwezo walio nao wa mwili na wa akili. Lakini hakutaja sehemu ya kumi, wala hakuwa akizungumzia nyama ya ubongo. Alizungumzia mazoea, uchovu na ukosefu wa ari, mambo ambayo mzee yeyote kijijini angeweza kuyasema pasipo kufika Harvard. Mwaka 1936 mwandishi Lowell Thomas, katika utangulizi wa kitabu mashuhuri cha Dale Carnegie kuhusu namna ya kupata marafiki, aliandika kwamba James alikuwa na desturi ya kusema kuwa mtu wa kawaida hukuza asilimia kumi tu ya uwezo wa akili yake. Kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni ya nakala, na asilimia kumi ikasafiri pamoja nacho.

Tazama, basi, jinsi maneno yalivyopokezana. James alizungumzia uwezo. Thomas akazungumzia uwezo wa akili. Vinywa vya watu vikamalizia kwa kusema ubongo. Sisi tunaofundisha Kiswahili twajua kwamba akili na ubongo ni vitu viwili. Akili, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni busara na werevu wa kupambanua mambo. Hukua, hufunzwa, na huweza kutumiwa vizuri au vibaya. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ubongo ni kiungo cha mwili chenye uzito na ujazo, na huweza kuwekwa juu ya mizani. Mtu akishachanganya viwili hivi, atadhani kwamba kwa kupima kimoja amekipima na cha pili. Ndilo kosa tutakalokutana nalo tena na tena katika historia hii.

Ushahidi wa wataalamu

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu ambayo mwili hutumia unapopumzika. Hiyo ni gharama kubwa. Binadamu ameishi karne nyingi akipambana na njaa. Hapana mwili ambao ungekubali kulisha kiungo cha bei hiyo kama sehemu tisa katika kumi hazikufanya kazi.

Hoja ya pili yatokana na majeraha. Kiharusi kikigusa sehemu ndogo tu ya ubongo, mtu huweza kupoteza usemi, au nguvu za mkono, au kumbukumbu za majina ya wanawe. Lau sehemu tisa katika kumi zingekuwa akiba, basi mara tisa katika kumi kiharusi kingeangukia akiba hiyo, na mgonjwa angerudi nyumbani salama. Waganga wajua kwamba mambo si hivyo.

Hoja ya tatu ni ya mashine za kupiga picha za ubongo zilizobuniwa kuanzia miaka ya 1970. Zimeonyesha kwamba hata mtu aliyelala usingizi mzito ubongo wake hufanya kazi, na kwamba katika muda wa siku moja hakuna eneo linalobaki kimya daima. Hoja ya nne ni ya David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Katika miaka ya 1960 waliziba jicho moja la paka wachanga, wakaona kwamba sehemu ya ubongo iliyokosa habari kutoka jicho hilo haikukaa ikingoja: ilinyang'anywa na jicho la pili. Katika ubongo, kisichotumika hakiwekwi akiba; hupewa kazi nyingine au hudhoofika.

Lakini je, ubongo wote hufanya kazi kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile? La. Mwandishi anazo herufi zote za alfabeti, wala hazitumii zote katika neno moja, asingesomeka. Vivyo hivyo seli za ubongo hupeana zamu. Zinapolipuka nyingi kwa pamoja pasipo utaratibu, matokeo yake si werevu bali ni kifafa.

Jambo moja huenda lilichangia kuwapotosha watu. Wataalamu wa mwanzo walipogusa ubongo kwa umeme mdogo, sehemu fulani zilimfanya mgonjwa atikise mkono au aone mwanga, lakini nyingine, hasa za mbele, nyuma ya paji la uso, hazikutoa jibu. Zikaitwa maeneo kimya. Leo twajua kwamba sehemu hizo za mbele hushughulika na kupanga mambo, kujizuia na kupima matokeo ya vitendo, kazi ambazo hazionekani kwa kutikisika kwa mkono. Msomaji na ayakumbuke maeneo hayo kimya, kwani tutayarudia.

Gisenyi, mwaka 1907

Mwaka uleule ambapo insha ya James ilichapishwa, msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Adolf Friedrich, mwana wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, uliingia Rwanda. Ulipita kwa Mwami Yuhi Musinga huko Nyanza, ukafika Ziwa Kivu na kituo cha kijeshi ambacho Wajerumani walikiandika Kissenji. Ndiyo Gisenyi yetu, katika Wilaya ya Rubavu ya leo. Msafara ulikuwa na wataalamu wa mimea, wa wanyama na wa miamba. Alikuwamo pia Jan Czekanowski, Mpolandi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza watu: kuuliza habari za mila na lugha zao, kupima miili yao, na kukusanya mafuvu ya wafu wao.

Mafuvu hayo yalisafirishwa hadi Berlin, yakaingizwa katika mkusanyo wa Felix von Luschan. Yalikaa huko zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2017 taasisi ya Berlin inayosimamia urithi wa utamaduni wa Prussia ilianza kuyachunguza mafuvu 1,135 yaliyoaminiwa kuwa yalitoka Afrika ya Mashariki. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: mafuvu 904 yalitoka katika nchi ambayo sasa ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya.

Yalikusanywa kwa nini? Wanazuoni wengi wa Ulaya wa wakati ule waliamini kwamba umbo la kichwa hufichua asili ya mtu na daraja la akili yake. Katika Rwanda imani hiyo ilishikamana na ile nadharia ya Wahamiti, iliyodai kwamba Watutsi walikuwa watu waliotoka mbali, waliozaliwa watawale, na kwamba Wahutu na Watwa walizaliwa watawaliwe. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 waliiendeleza nadharia hiyo katika shule na katika utawala, na katika miaka ya 1930 wakaandika majina hayo katika vitambulisho vya watu. Sababu za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ni nyingi, lakini fundisho la kwamba watu wa nchi moja na lugha moja ni viumbe wa aina mbalimbali ni mmojawapo wa mizizi yake. Kwa hiyo tusidhani kwamba habari ya kupima vichwa ni mchezo wa wataalamu uliopita bila kuacha alama.

Mizani ya Nairobi

Berlin ilipima mifupa. Miaka kama ishirini na mitano baadaye Nairobi ilipima ubongo wenyewe. Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alishawishika kwamba Waafrika wa Kenya walizaliwa na upungufu wa akili. Mwaka 1933 kikaundwa Nairobi chama cha walowezi na waganga cha kuchunguza kile walichokiita kuboresha mbari. Mwenzake Gordon, F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali, alipima bongo 100 za Waafrika waliofia hospitalini, akachapisha matokeo mwaka 1934. Wastani aliopata ulikuwa gramu 1,276. Akaulinganisha na gramu 1,428 zilizotajwa kuwa wastani wa Wazungu, akatangaza upungufu wa asilimia 10 na ushei. Alidai pia kwamba gamba la nje la ubongo wa Mwafrika lilikuwa jembamba zaidi.

Gordon alizipokea hesabu hizo kwa furaha. Alidai kwamba elimu ya mtindo wa Kizungu ingeweza kuwadhuru Waafrika akili zao, na akaomba Uingereza igharimie uchunguzi mkubwa. Katika koloni ambalo ardhi nzuri ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na shule za Waafrika zilikuwa chache, dai hilo lilikuwa na faida iliyo wazi kwa wenye kulisema. Mtu asiye na ubongo wa kutosha hadai shule, wala kura, wala shamba.

Makosa yake hayahitaji darubini. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, umri, jinsia, lishe na maradhi. Bongo za Nairobi zilikuwa za watu waliouawa na magonjwa katika hospitali ya koloni; hesabu za Wazungu ziliokotwa katika kazi za watu wengine, mahali pengine. Na hata kama mizani ingekuwa sahihi, ingethibitisha nini? Albert Einstein alipofariki mwaka 1955 ubongo wake ulipimwa, ukapatikana kuwa na gramu 1,230. Ulikuwa mwepesi kuliko wastani ule uliotumiwa kuwahukumu Wakenya. Mwandishi Mrusi Turgenev alikuwa na ubongo wa zaidi ya gramu 2,000, na Mfaransa Anatole France, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1921, alikuwa na wa gramu elfu moja hivi. Hapana msomaji anayeweza kuzigundua gramu hizo katika kurasa zao. Uingereza, baada ya mabishano, haikutoa fedha alizotaka Gordon.

Maeneo kimya yarudi

Mizani iliposhindwa, dai lilibadili nguo. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, hakung'ang'ania uzito. Yeye alisema habari za matumizi. Katika makala ya mwaka 1951 alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu za mbele za ubongo wake, na akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hizo kwa upasuaji uliokuwa ukifanywa siku zile kwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha kijitabu chake kuhusu Mau Mau, ambamo maasi yalielezwa kwa sehemu kubwa kuwa ni msukosuko wa nafsi za watu waliokwama kati ya mila na usasa. Waasi wenyewe walikuwa wakitaja ardhi na uhuru.

Ni haki kusema kwamba Carothers aliyapa malezi na mazingira nafasi kubwa kuliko Gordon alivyofanya. Hata hivyo hakupima utendaji wa ubongo wa mtu yeyote. Alichukua tabia zilizosimuliwa kuhusu Waafrika, mara nyingi na watu waliowatawala au kuwaajiri, akazilinganisha na tabia za wagonjwa waliopasuliwa. Mtumishi aliyenyamaza mbele ya bwana wake akahesabiwa kuwa mtu asiyefikiri.

Majibu yalitoka kwa Waafrika na wenzao. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria aliyekuja kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika lilelile la Afya Duniani, alizikosoa kazi za namna hiyo kuwa ni hadithi zilizovikwa vazi la sayansi. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1961, ambacho tumekisoma kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Alionyesha jinsi sayansi ya mkoloni ilivyoiita dhuluma maradhi ya aliyedhulumiwa.

Basi tuwaweke ndugu wawili bega kwa bega. Mmoja asema kila mtu hutumia sehemu ndogo ya ubongo wake. Mwingine alisema Mwafrika hutumia sehemu ndogo kuliko wengine. Wa kwanza hubembeleza, wa pili hudharau. Lakini wote wawili huuona ubongo kuwa ghala yenye vyumba vitupu, na hudai kuvihesabu vyumba hivyo pasipo kuingia ndani.

Kisiwa cha Idjwi

Kutoka Gisenyi, ukielekea kusini ndani ya Ziwa Kivu, kuna kisiwa kikubwa cha Idjwi, upande wa Kongo. Katika miaka ya 1960 watafiti waliokuwa na kituo huko Lwiro, magharibi ya ziwa, walichunguza maradhi ya tezi la shingo kisiwani humo. Kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na uvimbe huo, na baadhi ya watoto walizaliwa wakiwa na udumavu mzito wa akili na mwili. Kusini-magharibi uvimbe ulikuwa kwa watu wachache tu. Wakaaji wa pande zote mbili walikuwa hasa Wahavu, watu wa lugha moja na damu moja.

Tofauti ilikuwa nini? Madini joto, yaani iodini, yalikuwa haba pande zote mbili. Lakini watafiti waligundua kwamba kaskazini chakula chenyewe, na hasa muhogo, kiliacha mwilini sumu ndogo inayoizuia tezi kuchukua hata yale madini machache yaliyopo. Tezi ikikosa madini hayo, mtoto aliye tumboni hukosa homoni ambayo ubongo wake waihitaji ili ukue. Watu walipodungwa mafuta yenye madini joto, hali ilibadilika. Na kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai katika maisha yote. Ndiyo sababu nchi nyingi, Rwanda ikiwamo, zilianza kutia madini joto katika chumvi.

Jaalia sasa kwamba Gordon na Vint wangefika Idjwi na mizani yao. Wangepima vichwa vya kaskazini, wakaandika kwamba Wahavu wamezaliwa na upungufu. Jirani wa kusini-magharibi, Mhavu vilevile, angewaumbua. Yapo kweli mambo yanayoudhuru ubongo wa mtoto: ukosefu wa madini joto, utapiamlo, malaria kali inayopanda kichwani. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni kabila, na yote yana kinga au tiba.

Darasani

Mwalimu atamwambia nini, basi, mwanafunzi aliyekata tamaa, ikiwa hazina ya sehemu tisa haipo? Amwambie ukweli, kwani unatosha. Ubongo wake wote unafanya kazi tangu sasa, na hubadilika kwa kile anachokifanya kila siku. Anayerudia somo na kujieleza kwa maneno yake mwenyewe haamshi eneo lililolala. Anaimarisha njia ambazo tayari zinapitika.

Picha ya ghala huwadhuru pia walimu wa lugha. Mara kwa mara husemwa kwamba mtoto wa Gisenyi, aliye na Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na mpakani, Kiingereza kilichofanywa lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa mwaka 2008, na Kifaransa cha wazee wake, amejazwa kupita kiasi. Ati lugha moja zaidi itazisukuma nyingine nje. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, woga huo ulikuwapo katika vyumba vya walimu. Lakini kichwa si gunia. Mamilioni ya watu wa ukanda huu hukua na lugha tatu au nne, na mtoto ashindwapo kusoma, aghalabu sababu ni uhaba wa vitabu, darasa lililofurika au tumbo tupu.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tulitoe dai hili katika hotuba zetu, na asilimia kumi tuiache. Pia tuwe waangalifu na kauli zetu za kila siku. Tunapomwita mtoto bongo lala mbele ya wenzake, twarudia, bila kukusudia, hukumu iliyoandikwa mwaka 1951. Kabla ya kumpa jina hilo, mwalimu na amwulize kwanza kama amekula asubuhi, kama anaona vizuri ubao, na kama chumvi ya nyumbani kwao ina madini joto.